Ubeti wa Godoro

Ubeti ule ulifika kwenye kishikwambi cha Mwalimu Ndaki wakati wa mapumziko ya chai, akiwa na kipande cha kiazi mdomoni, na alipousoma alicheka mpaka kiazi kikampalia.

Ulikuwa wa mistari miwili tu. Masalu, kijana manju wa kambi ya ngoma ya Wagalu, alikuwa ameiomba programu ya muziki imtungie tusi la kumpiga nalo manju wa upande wa pili, binti aitwaye Wande. Programu ikampikia hili:

Kamanda alinda ng'ombe, alinda pia maghala,
Godoro halina zamu, hulowa akishalala.

Kamanda ni mzee Sayi, mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji cha Mwalukuba, na baba mzazi wa Wande. Tusi la namna hiyo si jambo la kumshangaza Msukuma. Mavuno yakishaingia ghalani, Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma kwenye uwanja mmoja, wakati ule ule, kila kambi na upande wake, na watazamaji huenda wanakovutwa. Kambi yenye watu wengi ndiyo mshindi. Zamani watu walikadiria kwa macho na ugomvi haukuisha. Siku hizi kuna mwewe wa bati anayeelea juu ya uwanja akihesabu vichwa, na ugomvi bado hauishi. Kazi ya manju ni kuimba, kuchekesha, na kumtukana mwenzake kwa ufundi kiasi kwamba hata aliyetukanwa acheke. Aliyetukanwa naye hujibu papo hapo, ama sivyo amekwisha.

Lakini matusi hayo yana mpaka, na mtoto wa Mwalukuba huujua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati: cha njiani huimbwa, cha chumbani hufunikwa. Unaweza kuimba pua ya mtu, ng'ombe wake waliokonda, hata siku aliyokimbizwa na bata mzinga sokoni, maana hayo watu waliyaona. Uliyoyaona ukiwa ndani kwake, hayo ufe nayo.

Ndaki alipomaliza kukohoa akaona kwenye pembe ya kioo kitone cha rangi ya buluu. Kitone hicho alikifahamu vizuri. Maana yake ni kwamba ubeti umetokana na sauti za nyumbani.

Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wote wa vishikwambi vya shule vya kufundishia ngoma. Waliovibuni waligundua kwamba mtoto hujifunza mapigo haraka akifundishwa kwa sauti alizokua nazo: kinu cha mama yake, kengele ya ndama, ungo unaopepeta, hata mkoromo wa bibi. Basi kila mtoto alipewa kishikwambi akakiweka nyumbani, nacho kikasikiliza, kikachagua, kikamtungia masomo. Ndaki alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeshindwa kushika mapigo muhula mzima, mikono yake ikitangulia mbele kama mbuzi anayevuta kamba. Siku kishikwambi kilipompa sauti ya mama yake akitwanga, alishika mapigo pale pale na hakuyaacha tena. Mwalimu aliyeona hivyo hawezi kukichukia chombo, na Ndaki alikipenda mno.

Sauti zote zilikusanyika shuleni, kwenye hazina moja waliyoiita kisima. Maelekezo yalisema kisima kigawanywe, Wagika na chao na Wagalu na chao. Ndaki aliacha kimoja. Alijiambia kwamba kisima kikubwa kinafundisha vizuri kuliko viwili vidogo, na ni kweli, masomo yalinoga.

Sasa kitone kinamtazama. Nyumba ya Kamanda ni moja, na siri yake isingetoka kwingine. Angeweza kukigusa akaambiwa sauti imetoka wapi, lakini hakukigusa, maana mtu haulizi swali ambalo jibu lake litamzuia kufanya anachotaka. Na alichotaka kilikuwa wazi. Yeye mwenyewe ni Mgalu wa kuzaliwa, baba yake, mzee Gindu, alikuwa manju mpaka sauti ilipomkauka, na Wagalu walikuwa wameshindwa misimu mingi hivi kwamba hata kuku wao walitembea wameinamisha vichwa. Ubeti wowote haukuweza kwenda uwanjani bila kidole gumba cha mwalimu. Akaweka kidole, akamalizia kiazi chake.

*

Siku ya mashindano, hadi jua linafika utosini, Wagika walikuwa mbele. Wande alikuwa na mdomo wa wembe. Msimu uliopita alimwimba Masalu mpaka kijana wa watu akaenda kulia nyuma ya kiwanda cha pamba, na siku hiyo alikuwa amechangamka zaidi. Mwewe alizunguka juu, na hesabu zilizokuwa zikionekana kwenye turubai kubwa zilizidi kuwakondesha Wagalu.

Ndipo Masalu akanyamazisha ngoma zake, akainua mkono, akauachia ubeti.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Watu walikimbia kutoka kwa Wagika kwenda kwa Wagalu wakishikana mabega, akina mama wameshika mbavu, wakitaka urudiwe. Masalu akaurudia. Mzee Sayi mwenyewe alikuwa pale katikati, upinde begani na filimbi kifuani, akizuia watoto wasikanyagwe. Alitabasamu. Mtu akiimbwa sharti atabasamu, na Kamanda aliijua kanuni kuliko wengi.

Wakageuka kumsikiliza Wande, maana sasa ilikuwa zamu yake kujibu. Wande alifungua kinywa. Ngoma zake zikampigia mapigo ya kuingilia, zikampigia tena, na yeye hakuingia. Hakumtazama Masalu hata kidogo. Alikuwa akimtazama baba yake.

Kama angejibu lolote, hata upuuzi, ubeti ungebaki kuwa mzaha wa uwanjani na kesho ungesahaulika. Ukimya wake ndio ulioupigia muhuri. Watu walianza kuelewa mmoja baada ya mwingine, kicheko kikashuka, kikawa minong'ono, halafu wengi wakaanza kukagua vidole vya miguu yao. Tabasamu la mzee Sayi lilikaa usoni muda mrefu kuliko linavyostahili kukaa. Kisha akaitia filimbi mfukoni na kuondoka.

Mwewe haelewi mambo hayo. Alihesabu vichwa, akawapa Wagalu ushindi.

Vijana wa Wagalu walimnyanyua Mwalimu Ndaki mabegani wakamzungusha uwanja mzima. Kutoka kule juu aliona vizuri kuliko mtu yeyote: mzee Sayi akienda zake kando ya uzio wa kiwanda, polepole, miguu ikiwa imeachana kidogo kama ya mtu mwenye maumivu ya kiuno, na watu wakimpisha njia bila kumwamkia. Aibu ilimshika Ndaki akiwa juu ya mabega ya watu, mahali ambapo mtu hawezi hata kuficha uso. Aliwaomba wamshushe. Walidhani ni unyenyekevu, wakazidi kumrusha.

*

Kabla wiki haijaisha, Nkwimba, mke wa mzee Sayi, alikuwa amerudishwa kwa wazazi wake.

Kamanda hakutoa sababu na hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa hesabu ilikuwa nyepesi. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Baba hawezi kujitangaza, binti hawezi kumtangaza baba yake, anayebaki ni mke, tena si mama mzazi wa Wande bali mama wa kambo. Na mama wa kambo, hata akichota maji husemwa anayamwaga. Kilichommaliza zaidi ni kwamba hakujitetea. Alifunga nguo zake kwenye khanga, akaondoka asubuhi watu wakimwona, kinywa kimefungwa.

Ndaki aliposikia habari hiyo alikwenda shuleni, akajifungia kwenye chumba cha vifaa, na sasa akakigusa kile kitone.

Kwanza yalisikika maji yakimiminwa kwenye beseni. Halafu nguo nzito ikikamuliwa, ikipigwa, ikikamuliwa tena, na juu yake Wande akiimba kwa sauti kubwa wimbo wake wa mazoezi ya alfajiri. Ndaki aliutambua wimbo. Aliwahi kuusifia darasani, akasema mapigo yake yana uzito wa mtu mzima, akamwuliza Wande ameyatoa wapi, na Wande akasema hajui. Chini ya wimbo kulikuwa na sauti ya mwanamume.

"Godoro nalo limelowa tena. Imba kwa nguvu, mwanangu, majirani wasisikie."

Na sauti ya mwanamke, karibu sana na maji:

"Niachie mimi nikamue, mikono yako imechubuka."

Alizima. Alikaa sakafuni kati ya ngoma zilizopasuka akahisi amesimama mlangoni mwa chumba cha watu, na watu wenyewe wamemwona. Alijua sasa na ugonjwa wenyewe. Mwaka ule wa mvua za kutengenezwa na mitambo, plau la kujiendesha lilimgonga mzee Sayi kiunoni shambani, akalala mwezi mzima, akainuka akasema amepona. Kijiji kizima kilimshangilia kwa kupona kwake.

Kusema ilikuwa rahisi kama kuvuka barabara, na Ndaki alishindwa kuvuka. Akisema, vishikwambi vitakusanywa, na watoto waliokwisha kushika mapigo watarudi kupiga madawati. Akisema, atathibitisha mbele ya watu kwamba ubeti ni wa kweli, na hiyo ni kumwimba mzee mara ya pili. Sababu hizo mbili alizishika kwa mikono yote, akazitembeza kichwani siku baada ya siku, na zote zilikuwa nzuri. Ya tatu, kwamba alikuwa anaogopa kwa ajili yake mwenyewe, hakuitaja.

Wande ndiye aliyeivunja ngome hiyo. Alikuja darasani wenzake wakiwa wametoka, akaweka kishikwambi chake mezani, akasema hataimba tena. Ndaki akaanza kumpa yale maneno ya walimu, kwamba kushindwa si kufa, kwamba hata manju wakubwa hushindwa. Binti alimwacha amalize.

"Mama aliondoka bila kuniaga," akasema, "kwa sababu nilimwangalia vibaya. Hata mimi nilidhani ni yeye." Akakitazama kile chombo. "Mwalimu, ni yeye?"

Ndaki angeweza kusema hajui. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Si yeye," alisema. "Sogea, nipite. Naenda kwa baba yako."

*

Mzee Sayi alikuwa uani akisuka kamba ya katani. Ndaki akainama kidogo akaamkia, "Mwangaluka, baba," na mzee akaitikia bila kuacha kusuka. Wande alisimama kwenye kizingiti cha jiko, akaambiwa aondoke, hakuondoka.

Ndaki alieleza mambo kuanzia mbali, kama watu wenye makosa wanavyofanya. Alieleza kwamba kishikwambi husikiliza nyumba, kwamba sauti hukusanyika kisimani, kwamba kisima kilipaswa kugawanywa na yeye hakukigawanya. Mzee hakuelewa mwanzoni. Alikuwa akidhani kile chombo ni kama kitabu, kitu kinachosema na mtoto akasoma. Alipoelewa kwamba kile kitabu kilikuwa na masikio, na kwamba kilikaa dirishani pake mwaka mzima, kamba ilimponyoka mikononi.

"Hicho chombo kilitunga ubeti," akasema. "Nani aliruhusu uimbwe?"

"Mimi, baba."

"Ulijua umetoka ndani ya nyumba?"

"Niliona alama."

"Ukafanyaje ulipoiona?"

Ndaki alitazama chini. "Nilikuwa nimeshacheka. Kisha nikaruhusu."

Jikoni sufuria iliwekwa chini kwa kishindo, na mzee hakugeuka. Alisema taratibu kwamba kwa kosa kama hilo sungusungu humtenga mtu: hapewi moto, hapewi maji, msiba wake hauhudhuriwi. Yeye ndiye kamanda, neno lake linatosha.

"Lakini nikikutenga nitaulizwa kosa lako, ng'wana Gindu. Nitajibu nini?"

Ndaki alikuwa amejiandaa kwa adhabu, hata kwa viboko, na hakujiandaa kwa mtu asiyeweza kumwadhibu kwa sababu ya aibu ile ile aliyomvika.

Mzee aliuliza zile sauti ziko wapi sasa. Ndaki akatoa kishikwambi, akamwonyesha kisima chote. Alijaribu kuzitenga sauti za nyumba ile peke yake, ikashindikana. Zilikwisha kuchanganyika na za wengine kwenye kila somo, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini. Basi akafuta kisima kizima palepale uani, kinu cha yule mama na kengele za ndama pamoja, kazi ya watoto ya mwaka mzima. Wilaya itamwuliza kwa nini, naye hatajibu, na atakachofanywa na afanywe. Alidhani kufuta kungempunguzia mzigo, lakini alipomaliza alijiona ni yule yule.

"Umefuta sauti," mzee Sayi akasema. "Mke wangu yuko kwao. Baba yake hawezi kunirudishia mpaka ajue nilimfukuza kwa kosa gani na limefutwaje. Kumsafisha yeye ni kunichafua mimi kwa mkwe."

Ndaki, ambaye akili yake haikuwahi kukosa njia ya mkato, akapendekeza waseme tu palitokea kutoelewana, au kwamba chombo kiliharibika kikasema ovyo. Hapakuwa na haja ya kutaja godoro.

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mbele ya kijiji uliweza kulitaja," alisema. "Utalitaja na kwa mkwe wangu. Nami nitakuwepo."

*

Mzee Malongo, baba yake Nkwimba, aliwapokea kando ya zizi. Mkewe, kwa heshima ya mkwe, alikuwa ametumwa kwa jirani, ingawa kikohozi kilichosikika nyuma ya ghala kilifanana sana na chake. Mzee Sayi aliketi kwenye kigoda, mgongo umegeukia upande wa nyumba, kofia mkononi.

Ndaki alianza na kisima. Alipofika kwenye maelezo ya namna programu inavyochagua mapigo, mzee Malongo aliinua kiganja, akamwomba aeleze tena bila hicho chombo, aseme watu tu.

Bila chombo habari ilikuwa fupi mno. Mkweo aliumia kiunoni na hakupona, alisema. Godoro lake hulowa. Binti yako alikuwa akiamka alfajiri pamoja na Wande, wakifua kabla watu hawajaamka, na hakumwambia kiumbe yeyote. Mimi nililijua jambo hilo kwa njia isiyo halali, nikaliona linachekesha, nikaruhusu liimbwe ili kambi yangu ishinde. Yeye amefukuzwa kwa kosa langu. Kila neno lilipotoka alimwona mzee Sayi akizidi kuikunja kofia.

Mzee Malongo akamwita binti yake. Nkwimba alikuja akapiga magoti, akaamkia wote, hata mumewe, sawasawa. Baba yake akamwuliza kwa nini aliwaacha wazazi wake wamdhanie hivyo, siku zote hizi, asiseme hata kwa mama yake kwamba hakutoa siri ya mtu.

"Ningesema sikutoa siri," Nkwimba alijibu, "mngeniuliza siri gani."

Nyuma ya ghala kikohozi kilikatika. Mzee Sayi aliifunika sura kwa kofia yake, mabega yakamtikisika, na hakuna aliyejifanya hakuona. Mzee Malongo akasema binti atarudi siku atakayotaka mwenyewe, asisukumwe na mtu. Nkwimba akasema ataondoka leo hii, kwa kuwa Wande yuko peke yake na mikono yake haijapona.

Aliinuka akaenda jikoni. Ndaki naye aliinuka, akaomba ruhusa ya kuondoka, akisema ana safari. Mzee Malongo akamwambia aketi, hapa mgeni haondoki na njaa, awe amekuja kwa heri au kwa lingine. Pakaletwa ugali na samaki wa karanga, na Nkwimba akaja na birika na beseni kunawisha mikono. Alianza na mgeni. Alipiga magoti mbele ya Ndaki, akamimina maji taratibu, akiangalia asimlowanishe mikono ya shati.

Ndaki alinawa. Chakula kikawekwa mbele yake, wakamngoja mgeni aanze kama ilivyo ada, na yeye mkono ukakataa kwenda. Alikaa ameuning'iniza juu ya sahani, maji yakichuruzika kutoka vidoleni, asiweze kumega wala kuurudisha.

"Kula, mwalimu," mzee Sayi akamwambia, bila hasira yoyote. "Hapa hakuna kinachosikiliza."

Akamega tonge. Alilitafuna kwa muda mrefu, akalimeza, wote wakimtazama.